Kuonja mvinyo wa Porto kwa mara ya kwanza, ukiwa Tanga

Kila Desemba simu zinaanza. Mtoto amerudi kutoka Afrika Kusini na chupa, shemeji kapita Lisbon kaja na chupa, au mtu kaiona supamaketi Dar es Salaam akavutiwa na rangi. Halafu maswali yanafuatana. Hii ni waini au ni pombe kali? Inatiwa barafu? Mbona tamu hivi, na mbona inachoma? Nimefanya kazi ya kaunta na ya mezani kwenye hoteli za Tanga kwa miaka mingi, na maswali haya nimeyajibu kazini, sokoni Ngamiani, hata ndani ya daladala. Nayaandika hapa majibu yake yote, ili mwenye chupa aifungue akijua anachofanya.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima anayekunywa pombe: umri umetimia miaka 18, huna ujauzito, hutumii dawa zisizopatana na pombe, na ukimaliza huendeshi chochote, hata pikipiki. Mhudumu asiyekunywa naye asiuache. Mmoja wa wahudumu bora niliowahi kufanya nao kazi ni Mwislamu asiyegusa hata tone, na kwa kutazama na kunusa tu alikuwa anamwambia mgeni mambo ya kweli kuhusu glasi iliyo mbele yake.

Chupa hiyo ina nini ndani

Kwao mvinyo huu ni bonde la mto Douro, kaskazini mwa Ureno, na jina umelipata kwa mji wa Porto, pale mto unapoingia baharini. Zabibu zikishakamuliwa, juisi inaachwa ichachuke siku mbili tatu tu. Kabla hamira haijaimaliza sukari, inamiminwa spiriti ya zabibu, yaani pombe kali iliyotengenezwa kwa zabibu, yenye nguvu ya asilimia 77, takribani sehemu moja ya spiriti kwa sehemu nne za juisi. Hamira inakufa, sukari inabaki. Matokeo yake ni pombe ya asilimia 19 hadi 22 inayokaa pamoja na sukari ya gramu 80 hadi 120 kwa lita. Sukari hiyo ni karibu sawa na ya soda.

Nchi nyingine zinafuata njia hiyo hiyo. Afrika Kusini mji unaosifika kwa kazi hii ni Calitzdorp, eneo la Klein Karoo. Kwa makubaliano na Umoja wa Ulaya, tangu 2012 lebo zao haziandiki tena "Port". Zinaandika "Cape Ruby", "Cape Tawny" au "Cape Vintage". Kwa hiyo ukikosa neno "Port" kwenye chupa ya Afrika Kusini, usidhani umeuziwa bandia.

Na sisi wa pwani hatuko mbali sana na habari hii. Neno mvinyo tumelipata kwa Wareno, pamoja na meza unayoiwekea chupa.

Jambo moja ulishike kabla hatujaendelea. Sukari na spiriti vina sauti kubwa kuliko vyote vilivyomo, na mtu asiyezoea anasikia hivyo viwili basi, akatoa hukumu: "tamu" au "kali". Kazi yote ya hatua zinazofuata ni kuvituliza hivyo viwili ili usikie vilivyo chini yake. Na vilivyo chini yake unavijua tayari. Vijitabu vya mvinyo vinataja matunda ya porini ya Ulaya ambayo wengi wetu hatujawahi kuyatia mdomoni, ndiyo maana watu wanaona aibu kusema wanachonusa. Wewe umekulia kwenye zambarau, tende, ukwaju, kashata na karafuu. Hiyo ndiyo kamusi yako, na inatosha kabisa.

Andaa hivi kwanza

- Glasi ndogo iliyotanuka tumboni na kubana kidogo mdomoni. Bilauri iliyonyooka inaruhusu harufu ikimbie. Usitumie kikombe cha bati wala cha plastiki.
- Ndoo, maji na barafu. Au friji yenye nafasi.
- Kizibuo, kama kizibo ni cha kuzamishwa.
- Kitambaa cheupe cha pamba, safi, kilichosuuzwa kwa maji matupu na kukaushwa, au chujio laini la chai.
- Karatasi nyeupe, daftari na kalamu.
- Maji ya kunywa yasiyo baridi kali, na boflo tupu, bila siagi.
- Chombo cha kutemea. Kopo lolote.
- Vibakuli sita vidogo. Nitavieleza kwenye hatua ya tatu.

Chumba nacho kiandae. Usichome udi siku hiyo, usivae kikuba wala kujipulizia marashi, na kama jikoni kuna samaki anakaangwa, ngoja au hamia barazani. Aliyetoka kunywa kahawa chungu au kupiga mswaki kwa dawa asubiri angalau nusu saa. Wakati mzuri ni saa nne au saa tano asubuhi, au jioni kabla ya chakula. Baada ya pilau na achari, ulimi umeshachoka.

Hatua kwa hatua

1. Isome chupa.

Tafuta vitu vitatu. Cha kwanza ni asilimia ya pombe. Ukikuta 12 au 13, huo ni mvinyo wa kawaida wa mezani, hata kama ni mtamu, na mengi ya hapa hayauhusu.

Cha pili ni neno la aina. "Ruby" ni mvinyo mchanga. Umetunzwa kwenye vyombo vikubwa bila kuguswa sana na hewa, kwa hiyo rangi ni nzito na matunda yapo wazi. "Tawny" umekaa kwenye mapipa ya mbao, hewa ikiupitia polepole mwaka baada ya mwaka, mpaka wekundu ukafifia ukaelekea kahawia. Ukiona Tawny imeandikwa 10, 20, 30 au 40, namba hiyo inaeleza umri wa mchanganyiko kwa wastani; si mwaka wa mavuno. "LBV", kifupi cha "Late Bottled Vintage", ni ya mavuno ya mwaka mmoja, imetiwa kwenye chupa baada ya miaka 4 hadi 6. "Vintage" nayo ni ya mwaka mmoja, ila inatiwa kwenye chupa mapema, baada ya miaka 2 hadi 3, kisha inaachwa ikomae humo humo kwa miongo. Kama umeletewa Vintage na hujawahi kuonja chochote cha jamii hii, nakusihi uiweke kwanza. Tafuta Ruby ya bei nafuu ujifunzie, halafu urudi kwake.

Cha tatu ni kizibo. Kikiwa na kichwa cha plastiki au mbao cha kushika kwa vidole, mvinyo kwa kawaida umeshachujwa na uko tayari kunywewa. Kikiwa ni kizibo kilichozama chote shingoni, tarajia mashapo.

Chupa uliyonunua hapa nchini iangalie pia stempu ya kodi ya TRA. Iliyoletwa na msafiri kwenye begi haitakuwa nayo.

2. Ipoze. Hatua hii usiiruke.

Hapa ndipo chupa nyingi zinaharibikia Tanga, na si kosa la mvinyo. Maandishi ya Ulaya yanasema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba. Chumba wanachokisema wao ni cha nyumba ya mawe yenye baridi, nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Ngamiani mchana wa Februari kina nyuzi 31 au 32. Kwenye joto hilo spiriti inaruka kutoka kwenye glasi kabla ya kitu kingine chochote.

Niliwahi kuwaonyesha vijana niliokuwa nawafundisha. Tulifungua chupa mbili za Tawny ile ile. Moja ilitoka rafuni nyuma ya kaunta, nyingine ilikaa dakika 15 kwenye ndoo ya maji na barafu. Kwenye glasi ya rafuni, kijana wa kwanza alisogeza pua akarudi nyuma, macho yakajaa machozi. Akasema, "Kaka, hii ni spiriti ya hospitali." Nikampa ya pili bila kumwambia kuwa ni mvinyo ule ule. Aliinusa, akanyamaza, akainusa tena. Akafumba macho. Kisha akasema neno moja: "Kashata." Wenzake wakasogea mezani mara moja, kila mmoja anataka anuse. Tangu siku ile sijawahi kufundisha kunusa wala kuonja kabla ya hatua hii.

Vipimo ni hivi. Ruby na LBV, nyuzi 16 hadi 18. Tawny, 12 hadi 14. White Port, ile nyeupe, 8 hadi 10. Kwa friji, chupa iliyotoka kwenye joto la nyumba inahitaji kama saa mbili kufikia kiwango cha Ruby, na zaidi kidogo kwa Tawny. Kwa ndoo, dakika 10 hadi 15 zinatosha, ila hakikisha kuna maji pamoja na barafu. Barafu tupu inagusa chupa sehemu chache tu na inapoza taratibu. Huna kipimajoto? Shika chupa. Ruby iwe baridi kidogo kuliko maji ya mtungi. Tawny iwe baridi zaidi ya hapo, lakini isikaribie soda iliyotoka friji.

Usitie barafu ndani ya glasi. White Port na toniki na barafu ni kinywaji kizuri sana jioni ya Raskazone, na Wareno wenyewe wanakinywa hivyo. Lakini hicho ni kinywaji cha kupumzikia. Hapa tunaonja.

3. Chupa ikipoa, izoeze pua.

Chukua vile vibakuli sita. Tia zabibu kavu kimoja, tende kingine, kisha ganda la chungwa la Muheza lililomenywa sasa hivi, kipande cha mdalasini na karafuu mbili, korosho zilizokaangwa, na cha mwisho sukari guru. Zambarau zikiwa msimu, ongeza. Plamu za Lushoto zikiwa zinauzwa, ongeza. Vinuse kimoja kimoja, polepole, ukikitaja kwa jina kwa sauti. Halafu fumba macho, mwenzio akusogezee bila mpangilio, wewe utaje.

Utashangaa. Vitu unavyovila kila wiki, ukifumba macho, vinakupotea. Zabibu kavu na tende watu wengi wanazichanganya, hata mimi mwanzoni zilinisumbua. Endelea mpaka uzitofautishe. Dakika kumi za zoezi hili zina faida kuliko kusoma kurasa mia.

4. Fungua na umimine.

Chupa yenye mashapo iwe imesimama wima tangu jana yake. Ukiifungua, usiitikise. Weka taa au tochi ya simu nyuma ya shingo, mimina polepole kwa mkono mmoja usiorudi nyuma, mvinyo uingie kwenye jagi la glasi. Ukiona uzi mweusi unapanda kwenye bega la chupa, acha. Kilichobaki pitisha kwenye kitambaa, ukionje kando.

Kwenye glasi tia vijiko viwili vya chakula, visizidi vitatu. Kiasi kikubwa kinapata joto kabla hujakimaliza, na kina nguvu kuliko unavyodhani: mililita 125 za mvinyo wa asilimia 20 zina pombe sawa na bia ya nusu lita ya asilimia 5. Utamu unaficha hilo. Nimeona watu wazima wakimiminiwa glasi nzima kama juisi ya harusi, na usiku ukaishia vibaya.

5. Tazama.

Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Usiangalie katikati tu, angalia ukingo. Ruby mchanga katikati ni rangi ya zambarau iliyoiva, na ukingo ni mwekundu au zambarau bado. Tawny ya miaka 10 ina wekundu wa matofali. Ya 20 inakaribia chai ya rangi. Ya 40 inaelekea asali ya nyuki wadogo. Kwa Tawny, kadiri rangi inavyofifia ndivyo umri ulivyosogea. Ruby yenye ukingo wa kahawia, hiyo nayo inakuambia kitu: imezeeka rafuni au imepigwa joto.

6. Nusa mara tatu.

Mara ya kwanza weka glasi usawa wa kidevu, mdomo wazi kidogo, uvute hewa taratibu. Unapata harufu za juu bila kuchomwa. Mara ya pili sogeza mpaka ukingo wa glasi uguse mdomo wa juu. Pua isiingie ndani. Waliojifunza kwa mvinyo wa kawaida wanazoea kuizamisha, na kwa pombe ya asilimia 20 pua inakufa ganzi dakika nzima. Sasa izungushe glasi mara moja tu, kwa upole, iweke mezani, ngoja kidogo, kisha nusa mara ya tatu.

Usijilazimishe kutafuta. Jiulize maswali mapana kwanza. Ni tunda bichi, tunda lililoiva au tunda kavu? Kama ni kavu, ni zabibu au ni tende? Kuna kiungo chochote? Kuna kitu kilichopita motoni, kama korosho, karanga, sukari iliyoungua kidogo kwenye sufuria ya kashata? Kwenye Ruby kwa kawaida utakuta zambarau, forosadi, plamu, pilipili manga, mara nyingine kakao. Kwenye Tawny utakuta matunda makavu, korosho, ganda la chungwa, mdalasini, sukari guru. Ukikwama, rudi kwenye vibakuli, nusa kimoja, rudi kwenye glasi.

Andika unachonusa wewe. Mwenzako akisema ukwaju na wewe unasikia tende, andikeni yote mawili, hakuna aliyekosea.

7. Onja, na onjo la kwanza usilihesabu.

Chukua kiasi cha kijiko cha chai. Uzungushe mdomoni sekunde tano, utembee mpaka chini ya ulimi na kwenye mashavu kwa ndani, kisha uteme au umeze. Hukumu isitoke hapa. Onjo la kwanza linaamsha ulimi tu, na kitakachosikika ni sukari na moto. Kunywa maji, tafuna kipande cha boflo, ngoja dakika moja.

Onjo la pili ndilo lenyewe. Ukiwa nalo mdomoni vuta hewa kidogo kati ya meno, kama mtu aliyeonja mchuzi wa moto. Kisha pita kwenye mambo manne.

Utamu: ni wa sukari nyeupe, wa asali, au wa tende? Uchachu: mate yanatoka chini ya ulimi, kama unapomwona mtu anakata embe bichi na chumvi? Mvinyo mzuri wa aina hii una uchachu huo, na ndio unaozuia utamu usikinai. Ukakasi: ufizi na mashavu yanakauka na kukwaruza, kama umekula zambarau nyingi au bibo ambalo halijaiva vizuri? Kwenye Ruby na Vintage ukakasi ni wa kutarajiwa. Kwenye Tawny ya miaka mingi unakuwa laini. Mwisho moto wa pombe: unakaa wapi? Ukiwa joto tulivu kifuani, sawa. Ukiwa mwiba kooni, ama mvinyo umepata joto au haukutengenezwa vizuri.

Watu wengi wa kwetu ukakasi unawashtua. Wamezoea mvinyo mtamu wa Dodoma, ule ambao mtaani tunauita dompo, wanadhani kitu kitamu hakipaswi kukwaruza. Kaa nao. Ukila na jibini au korosho, ukakasi huo huo unageuka kuwa faida.

Kutema si utovu wa adabu. Mtu anayeonja aina nne bila kutema, ya nne haijui.

8. Hesabu.

Ukishameza au kutema, funga mdomo, pumulia puani, hesabu sekunde ambazo ladha bado ipo. Utamu kubaki kwenye midomo usiuhesabu, hesabu ladha. Ikiisha kabla ya 5, mvinyo ni wa kawaida. Ikifika 15 au 20 na bado inabadilika, mara chungwa, mara korosho, umeshika kitu kizuri mkononi.

9. Iache glasi dakika kumi, kisha rudia.

Nusa tena kabla ya kuonja. Mara nyingi harufu mpya inajitokeza hapa, na zile zilizokuwa wazi zinajificha. Zikipita dakika 20 kwenye joto letu, glasi imeshachemka. Mwaga kilichobaki, umimine kipya.

10. Onja na chakula, kitu kimoja kwa wakati.

Kanuni ni moja: mvinyo uwe mtamu kuliko unachokula. Chakula kikiuzidi, mvinyo unageuka mchachu na mwembamba. Halua yetu, yenye iliki na mafuta yake, ni tamu sana, inaushinda Ruby mara nyingi. Ukitaka kuijaribu, tumia Tawny ya miaka 20, na halua iwe kipande kidogo kama kidole. Chaguo langu la kwanza kwa Tawny ni korosho zilizokaangwa bila chumvi nyingi, pamoja na tende moja. Makadamia za Sakharani, kule Soni ambako watawa Wabenediktini wanalima pia zabibu, zinakwenda nayo vizuri mno. Ruby mpe chokoleti nyeusi au jibini ya Lushoto. Pilipili iache kabisa. Inawasha moto wa pombe upya na kazi yote ya kupoza inapotea.

11. Andika siku hiyo hiyo.

Mistari mitano inatosha. Huu ni mfano kutoka daftari langu:

*Cape Ruby. Zambarau iliyoiva sana, ukingo mwekundu. Harufu: zambarau, plamu, pilipili manga kidogo, baada ya dakika kumi, kakao. Mtamu, uchachu wa kutosha, ukakasi ufizi wa juu. Moto kidogo kooni. Sekunde 12. Nzuri na chokoleti, halua iliuzidi.*

Usiandike "nzuri" peke yake. Baada ya mwezi neno hilo halitakukumbusha chochote.

Kuitunza iliyofunguliwa

Funga kizibo, iweke friji, imesimama wima. Tawny inavumilia mwezi mmoja mpaka miwili kwa sababu hewa imeshaizoea pipani. Ruby wiki mbili mpaka nne. LBV kama wiki moja. Vintage siku mbili tatu, kwa hiyo ifungue wageni wakiwepo. Juu ya friji si mahali pa kuweka chupa, wala dirishani, wala kabati lililo juu ya jiko. Hata ambayo haijafunguliwa itapikika. Chupa ambayo haijafunguliwa, ikiwa na kizibo cha kuzamishwa, ilaze. Yenye kizibo cha kushika kwa vidole isimamishe.

Ukikwama

*Nasikia spiriti tu.* Imepata joto. Rudisha chupa kwenye ndoo, baada ya dakika kumi mimina upya bila kuizungusha glasi, anza tena na kunusa kwa usawa wa kidevu. Ikiwa ni baridi inavyotakiwa na bado inachoma pua, mvinyo wenyewe ni mkali kupita kiasi. Andika hivyo.

*Sisikii harufu yoyote.* Imepoa mno. Ifumbate glasi kwa viganja viwili dakika mbili tatu. Kama bado, jaribu vibakuli. Ukishindwa kunusa hata karafuu, una mafua, ahirisha.

*Ni tamu tu, kama sharubati.* Mara nyingi ni joto, mara nyingine ulikula kitu kichungu au chachu kabla. Maji, boflo, dakika tano. Onja tena ukitafuta mate chini ya ulimi.

*Kuna unga mweusi au vipande kama kioo.* Unga ni mashapo ya mvinyo wenyewe, na vile kama kioo ni chumvi ya asili ya zabibu iliyoganda. Havina madhara. Chuja.

*Inanuka boksi la karatasi lililolowa, au chumba kilichofungwa masika yote.* Hiyo ni kasoro ya kizibo, imeingia kabla chupa haijakufikia. Haitibiki. Usikae nayo kujilazimisha; kama dukani wanakubali, irudishe.

*Inanuka siki au dawa ya kuondolea rangi ya kucha.* Imeharibika. Imwage.

*Kizibo kimejitokeza nje kidogo, shingo ina kitu kinachonata.* Chupa imepigwa joto safarini au ghalani, mvinyo ukatanuka ukasukuma. Fungua mapema, usiitunze. Ladha ikiwa ya tunda lililochemshwa na rangi imegeuka kahawia, ndiyo sababu yake.

*Kizibo kimekatika nusu.* Kwa chupa za zamani ni kawaida. Jaribu kukizamisha kizibuo kikiwa kimeinama upande. Ikishindikana, kisukume ndani taratibu, kisha pitisha mvinyo wote kwenye kitambaa kuingia kwenye jagi, na uunywe ndani ya siku mbili tatu.

*Imebaki robo chupa imechoka, haifai kuonjwa tena.* Ikiwa haijafika kwenye siki, ipeleke jikoni. Ichemshe na kipande cha mdalasini, karafuu moja na ganda la chungwa mpaka ipungue nusu na kuwa nzito, kisha mwagia ndizi mbivu zilizokaangwa. Isimamie, kwa kuwa sukari yake inaungua ghafla mwishoni, na mvuke wa mwanzo una spiriti. Kama jiko ni la gesi au mkaa, usiuinamie.